Hofu ya Lazima Kuanzia Dakika ya Kumi na Mbili

Wananchi wote wa wilaya ya Quengopata wanaarifiwa kwamba kuanzia Jumapili ijayo kuogopa ni lazima. Hofu itaanza dakika ya kumi na mbili ya filamu na itakoma taa zitakapowashwa. Anayetaka kuogopa kabla ya hapo aombe kibali dirisha namba mbili, aje na picha mbili za pasipoti.

Tangazo hilo nililiandika mimi. Nimekuwa Katibu wa Halmashauri kwa miaka kumi na tisa, na sasa ni Katibu wa Tume ya Hisia za Watazamaji pia. Tume ina wajumbe watatu: mimi, muhuri wangu, na mjumbe wa tatu ambaye bado hajateuliwa. Nawaomba mnaosoma msicheke. Mimi binafsi sitaudhika, ila hapa kwetu ni kosa.

Chanzo cha yote ni Nélida Cusquisibán, mpiga video wa harusi na ubatizo. Kwa miaka mitatu, Jumapili kwa Jumapili, alitengeneza filamu ya kusisimua inayoitwa "Kofia ya Mwisho". Muuaji asiyejulikana anawachoma watu kisu kwenye kinu cha zamani cha kusagia nafaka kwa maji, kisha anaacha kofia ya majani juu ya kifua cha kila maiti. Vifaa vilikuwa kamera moja, ndoo ya maji ya bitiruti kwa ajili ya damu, na bastola ya mbao ambayo mlio wake ulitolewa kwa mdomo na fundi viatu wetu. Ukumbi pekee wilayani ni wa Halmashauri. Mheshimiwa Meya, Don Hildebrando Saldarriaga, aliutoa bure kwa sharti dogo tu: Inspekta awe yeye.

Onyesho la kwanza lilifanyika sikukuu ya mtakatifu wetu. Watu walijaa na kofia zao pana, na simbilisi wa kukaanga, na viazi, na mahindi ya bisi. Dakika ya tisa, Teódulo mchinjaji aliuawa kinuni. Maiti ikajikuna goti, na ukumbi ukaangua kicheko. Teódulo mwenyewe alikuwa safu ya nne, anatafuna bisi.

"Teo, uliumia?" jirani yake akamuuliza.

"Niumie wapi? Viroboto, ndugu yangu! Kile kinu kimejaa viroboto, we acha tu."

Dakika ya kumi na mbili Inspekta akaingia. Alimfukuza muuaji kwenye mlima, suruali ikaanza kuteleza, na punda aliyekuwa anapita na shughuli zake akampita. Mama Domitila Chuquimango, mwenyekiti wa ronda, yaani sungusungu wetu wa milimani, alisimama juu ya benchi.

"Kimbia baba, supu inapoa!"

Watu walicheka mpaka wakalala chini. Meya alikuwa safu ya mbele, na ule utepe wake wa cheo kifuani. Hakugeuka hata mara moja. Niliona shingo yake tu, na shingo ilikuwa nyekundu kuliko damu ya kwenye filamu.

Kesho yake aliniita mapema. Tunaitana kompadre, kwa kuwa alimsimamia binti yangu ubatizo.

"Kompadre, nimekimbia mita mia mbili kwa ajili ya wilaya hii. Na presha hii niliyo nayo! Halafu wananicheka?"

"Mheshimiwa, mimi niliona ni mapokezi ya furaha."

"Furaha gani? Mle ndani watu wanakufa! Unajua tatizo? Wanasema 'ni filamu tu'. Nimewasikia kwa masikio yangu. Mtu akishasema hivyo, hofu yote imekwisha. Andika."

Nikaandika. Amri ya Halmashauri Namba 17 inakataza kucheka, kwa mdomo au kwa pua. Inakataza kusema "ni filamu tu", hadharani au chumbani. Inamtaka kila mtazamaji ajaze Fomu ya Hisia kwa nakala tatu na kuweka dole gumba, na fomu hiyo itakuwa na nguvu ya ushahidi wa kiapo. Kipengele hiki cha mwisho Meya alikidai mwenyewe, ili mkoani wasije wakasema hofu yetu ni ya kughushi.

Diski ya filamu ikafungiwa kwenye sefu. Ilitangazwa kwamba kama onyesho la pili halitatisha, diski itachomwa moto mbele ya kanisa, bendi ya matarumbeta ikiwepo.

Nélida alikuja dirisha namba mbili siku hiyo hiyo. Alikuwa analia. Najua kwa sababu nililazimika kumpa karatasi ya kufutia machozi, na kuiandika kwenye daftari la vifaa.

"Kaka Katibu, kompyuta yangu imekufa. Hiyo diski ndiyo pekee iliyobaki. Mama yangu yumo mle, dakika ya thelathini, anauza mkate. Nilimzika mwaka jana. Picha za mnato ninazo, lakini akitembea, akimtania mteja, ni hiyo tu. Mkiichoma mnamchoma yeye."

Nilisikitika sana. Nikamwambia ajaze fomu.

"Hapana, nisikilize. Watu hawawezi kumwogopa mtu ambaye jana walimwona anapapasa maparachichi sokoni. Nipeni wiki moja nibadilishe mwisho. Nitahitaji picha mpya za Inspekta, za karibu, uso peke yake."

Nilipompelekea Meya ombi hilo, alilisoma mara mbili, na maneno "uso peke yake" aliyasoma mara tatu. Akatia saini.

Alhamisi tulikuwa kwenye kijito cha kinu. Mimi nilishika shuka jeupe la kurudisha mwanga wa jua, na Teódulo alilala chini akiwa tayari amekufa.

"Don Hildebrando, nawa mikono," Nélida alisema. "Taratibu. Kucha pia."

"Inspekta ananawa kwa nini?"

"Ni mtu msafi."

"Hapo sawa. Usafi ni nguzo ya uongozi wangu."

"Sasa kitazame kisu. Tabasamu."

"Mbona natabasamu?"

"Umepata ushahidi."

"Aaa!" Meya alitabasamu. Baridi ilinipanda mgongoni, nikadhani ni upepo.

"Safi sana. Chukua kofia, muwekee Teódulo kifuani. Piga goti hapo pembeni yake."

"Mheshimiwa, hilo ni tumbo langu!" maiti ikapiga kelele. "Nimetoka kula!"

Ijumaa na Jumamosi Nélida aliunganisha picha kwenye kompyuta ya Halmashauri, mimi nikimlinda, na kila jioni diski ilirudi kwenye sefu. Jumapili alasiri tuliziba madirisha ya ukumbi kwa mablanketi. Walikuja watu mia tatu na kumi na wawili, na nilimsomea kila mmoja Amri Namba 17 mlangoni. Maiti ilipojikuna, hakuna aliyecheka. Niliona wengi wakizing'ata shali zao, na hilo nililiandika kuwa dalili ya hofu. Dakika ya thelathini mama wa Nélida alipita na kikapu cha mkate, akamwambia mteja kwamba mkate wa jana ni wa wenye meno. Ukumbi mzima ulivua kofia, ingawa amri haikuagiza hivyo. Nélida, pale kwenye projekta, alijifunika uso kwa mikono yote miwili.

Kisha ukaja mwisho mpya. Inspekta yuko kijitoni peke yake. Ananawa mikono, na maji yanageuka mekundu. Anakitazama kisu, anatabasamu. Anapiga goti, anaweka kofia.

Punje ya bisi ilianguka mahali fulani, na wote tuliisikia.

"Kumbe ni yeye!" Mama Domitila alinong'ona.

Taa zikawashwa. Meya alisimama na kugeuka, akakuta nyuso mia tatu na kumi na mbili zinamkodolea macho. Akaniinamia sikioni.

"Umeona, kompadre? Wanatetemeka! Hiyo ndiyo heshima."

"Mheshimiwa, umeuelewa mwisho?"

"Mwisho nimeupenda. Nywele zimekaa vizuri."

Fomu zote zilirudi zimejazwa. Sijawahi kuona wananchi wenye bidii kiasi hicho. Karibu wote waliandika maneno yale yale: nimemwona kwa macho yangu Hildebrando Saldarriaga akimuua Teódulo mchinjaji. Fomu ya Teódulo ilisema: "Ameniua. Nathibitisha." Utaratibu wetu ni wazi kwamba ushahidi wa kiapo ukihusu damu, nakala ya tatu huenda kwa sungusungu. Niliipeleka Jumatatu kabla ya chakula cha mchana. Hakuna anayeweza kunilaumu kwa uzembe.

Jumanne saa nne asubuhi ronda walifika uwanjani, na poncho zao, na kofia zao, na mijeledi mabegani. Wilaya nzima ilikuwepo. Meya aliletwa akiwa amevaa utepe wake.

"Hildebrando Saldarriaga," alisema Mama Domitila, "una mashahidi mia tatu na kumi na wawili, na maiti mwenyewe akiwemo. Unasemaje?"

"Jamani, acheni utani! Mama Domitila, tunajuana toka utoto. Ile ni fi..."

Nilimvuta mkono. "Mheshimiwa. Amri Namba 17."

"Ile ni nini, baba?" Mama Domitila aliuliza kwa upole.

Meya alinitazama, kisha akamgeukia. "Ile ni... ile."

"Ile ipi?"

"Lakini Teódulo si huyu hapa? Yu hai! Ananuka kitunguu!"

"Haya, marehemu," Mama Domitila alisema. "Una neno?"

Teódulo alivua kofia. "Nimekufa mara mbili, mama. Mara ya kwanza sikusikia kitu. Mara ya pili alinikalia tumbo."

Uwanja ukaguna kwa huzuni. Mabega ya Mama Domitila yalikuwa yanatikisika chini ya poncho. Niliandika kwenye kumbukumbu kwamba kulikuwa na baridi.

Meya alinishika kola. "Ifute hiyo amri. Sasa hivi!"

"Kufuta amri kunahitaji kikao cha madiwani, Mheshimiwa, na taarifa ya siku tatu. Halafu ukiifuta, kucheka kutaruhusiwa tena."

Aliutazama uwanja uliojaa watu, akaigusa suruali yake, akaiachia kola yangu.

Ronda hawafungi mtu jela, wao wanamfanyisha kazi. Ilihukumiwa kwamba diski itolewe kwenye sefu, kwa kuwa ni kielelezo, na irudishwe kwa mwenyewe. Ilihukumiwa pia kwamba ushahidi mzito namna hii ni haki ya kila kijiji kuuona, kwa hiyo filamu ionyeshwe katika vijiji vyote kumi na kimoja vya wilaya. Mtuhumiwa ataandamana nayo, na jenereta ataibeba mgongoni. Nélida aliikumbatia diski yake, akaomba karatasi ya kufutia machozi. Nilimpa pakiti nzima bila kuandika popote. Sijui nini kilinipata, na nimejiandikia barua ya onyo.

Kazi ya kwanza aliyofanya ilikuwa kutoa nakala nne. Moja amempa fundi viatu, moja padri, moja Teódulo, na moja anaivaa shingoni kwenye kifuko.

Tukapanda milima: Nélida na projekta, mimi na fomu, Meya na jenereta. Kila kijiji kilitupokea kwa utulivu wa kupigiwa mfano. Kijiji cha pili, wanawake waliingiza kuku ndani walipomwona Meya. Kijiji cha nne, muuza duka alimpa mkate kwenye ncha ya fimbo. Kijiji cha sita walimtandikia kitanda kizuri, halafu nyumba nzima ikahamia kwa jirani. Alipungua uzito. Mlimani sasa anakimbia vizuri sana, lakini hakuna anayempiga picha.

Kijiji cha saba, filamu ilipokwisha, Meya alisimama mbele ya kitambaa cha projekta. Sauti yake ilikuwa inakwaruza.

"Jamani, ni mimi. Hildebrando! Mlinipigia kura. Hebu chekeni kidogo. Hamkuona suruali ilivyoteleza? Punda alinipita! Punda, jamani!"

Bibi mmoja wa safu ya mbele alikuwa ameuma ukingo wa shali yake. Aliutoa mdomoni.

"Hatuwezi, Mheshimiwa. Ni kosa."

"Nawaruhusu! Mimi ndiye Meya, nawaruhusu!"

"Kwa maandishi?"

Meya alinigeukia. Ilinibidi nimweleze, mbele ya watu wote, kwamba kikao cha madiwani cha kufuta amri kimeitishwa mara tatu na mara tatu kimekosa akidi. Madiwani wanaogopa kukaa naye chumba kimoja.

Aliketi kwenye jenereta. Kwa kuwa naye alikuwa ameitazama filamu kuanzia dakika ya kwanza, nilimpa fomu na kalamu. Kwenye nafasi ya hisia aliandika neno moja: hofu. Nikampaka wino doleni, nikagonga muhuri, na nakala ya tatu nikaipeleka kwa sungusungu.