Mwiko wa Mama na Tangi la Mjomba

Jumatatu, 16 Juni 2025

Mwamba wangu unayesoma daftari la mtu bila ruhusa, karibu, ila leo nina hasira. Pikapu ya Mjomba Hashimu imezima tena kwenye kupanda mlima wa Magamba. Mara ya tatu. Mjomba katangaza: atakayegundua ugonjwa ndiye atashika funguo Alhamisi, apeleke kabichi zake Lukozi, lori la fuso la Dar linapakia huko. Ama mimi, dereva wake wa miezi miwili, ama Sefania, fundi wa stendi. Sefania! Fundi gani ana ovaroli safi?

Jumanne, 17 Juni

Nimebadilisha plagi. Bado. Nimetafuta kabureta saa nzima. Gari halina kabureta. Sefania kaja bila kuitwa, kafungua mfuniko wa tangi, kaniambia niwashe swichi, yeye katega sikio. Kasema pampu ya petroli ikiwa nzima ingeunguruma humo ndani, hii iko kimya. Mbele ya Mjomba! Nikasema ni baridi tu.

Jumatano, 18 Juni

Video mtandaoni inasema gonga tangi kwa chini, pampu iliyochoka inaamka. Nikachukua mwiko wa mama. Nikagonga. Likawaka! Mjomba kanikabidhi funguo. Sefania kanuna, eti kugonga ni kupima, si kutibu. Kisha kauliza huwa naweka mafuta kiasi gani. Lita mbili, za chupa. Kupanda namwomba Mungu, kushuka nazima injini nateleza mpaka Lushoto. Kasema pampu inapozwa na petroli iliyoizunguka tangini, kwa hiyo mimi naikaanga. Wivu huo.

Alhamisi, 19 Juni

Siku ya laana. Limezima pale pale Magamba, kabichi zimejaa mpaka juu. Mjomba, mtu wa kuamkiwa shikamoo na mtaa mzima, kalala chini ya gari anagonga tangi kwa mwiko, mimi nawasha. Bodaboda wakapita: shikamoo mzee, leo unapika nini? Akagonga kwa nguvu zaidi. Mwiko ukakatika. Fuso ikaondoka bila kabichi zetu. Sefania kapigiwa simu, kaja na pampu nyingine, kafunga pale pale barabarani. Ovaroli bado safi! Funguo kapewa yeye.

Ijumaa, 20 Juni

Sefania kamwambia Mjomba yeye ni fundi, hana muda wa kubeba kabichi. Nirudishiwe funguo, ila tangi lisishuke chini ya robo. Kanihurumia. Mimi! Nimeapa mbele ya Mjomba, huku nimeuma meno.

Jumamosi, 21 Juni

Pampu inaunguruma kama nyuki. Mjomba kanipa hela ya robo tangi. Nimeweka lita mbili. Iliyobaki nimenunua ovaroli, safi kuliko ya yule, na miiko miwili: mmoja wa mama, mmoja uko chini ya kiti. Sasa hivi nipo Magamba juu, nimezima injini, pua ya gari inatazama Lushoto. Niambie ukweli, mwamba: mteremko wote huu wa bure, ungekuwa wewe ungejaza petroli?