Pete ya Agneta

Jumatatu, 6 Februari 1961. Kisauni.
Salaam nyingi kwako, shajara, na uniwie radhi kwa kimya cha siku tisa. Nilikuwa nikichunguza mbingu. Darubini yangu, bomba la bati lenye lenzi moja nene mbele, imefaulu! Jioni Zuhura imeonekana imezungukwa na pete ya zambarau. Hakuna kitabu cha misheni kilichoitaja. Nimeiita Pete ya Agneta, jina la marehemu mke wangu. Jumapili naitangaza kanisani.

Jumatano, tarehe 8.
Nimekasirika, Mungu anisamehe. Jirani Absalom, fundi mstaafu wa taa za reli Changamwe, aliomba kuchungulia. Nikampa hata kiti. Akacheka! Eti pete haiko mbinguni, imo ndani ya lenzi yangu. Eti kioo kimoja hupinda kila rangi kivyake, zambarau ikakutana hapa, nyekundu pale. Ndiyo maana katika darubini za wataalamu huunganishwa lenzi mbili za vioo tofauti, ya pili irekebishe makosa ya kwanza. Akamalizia: "Lenzi yako ni mgane kama wewe, mzee mwenzangu. Haina wa kuirudi!" Nilimwomba radhi, nikamfungia mlango.

Ijumaa, tarehe 10.
Hila ya kumkomesha: nimemwita Pascalia, dada wa marehemu, awe shahidi. Jua halijatua, akaielekeza darubini uani kwa Absalom. "Shemeji," akasema, "mbona hata fulana yake kwenye kamba ina Pete ya Agneta?" Fulana! Tena yenye matundu! Absalom alisikia. Alicheka hadi akakohoa.

Jumapili, tarehe 12.
Nilitangaza hata hivyo. Mzee mmoja wa kanisa akauliza, kwa upole mno, kama fulana nayo itaombewa. Kwaya nzima ikaangua kicheko. Washenzi!
Jioni Absalom akaja na lenzi ya pili, eti zawadi, eti amejuta. Niliifunga. Zuhura ikatokea safi, nyeupe, nusu duara kama mwezi wa siku saba. Pete hakuna. Nilitafuta kushoto, nikatafuta kulia. Agneta hakuna. Nikamrudishia kioo chake kwa adabu.

Jumatatu, tarehe 13.
Nimetafakari kwa kina. Kosa lilikuwa udogo wa lenzi. Nimemwandikia muuza vifaa vya meli aniletee nyingine, unene mara mbili, moja tu, isiyo na mwenzi. Pete itakuwa pana ajabu. Barua ataichukua Mwikali, mpangaji wangu, aendaye posta asubuhi.