Malalamiko ya Mwenye Vichwa Kumi na Tisa

Kwako Mheshimiwa Mkuu wa Chuo cha Tiba ya Viungo,

Shikamoo kama umenizidi umri. Kama sivyo, basi nakudai yangu. Mimi ni fundi viatu mstaafu, babu wa yule mwanafunzi wako mwenye mwanya, mliyemwangusha wiki iliyopita katika mtihani wa misuli. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo majina ya kidaktari nayaandika nilivyoyasikia. Naomba uketi kwanza, maana malalamiko yenyewe ni mazito.

1. Nimeongezewa vichwa bila kuulizwa. Kitabu cha misuli hapo chuoni ni kimoja, na hakiazimwi zaidi ya siku moja. Mjukuu wangu alikuja nacho Jumatatu, akanakili majina kwenye vipande vya karatasi, akanibandika navyo mwili mzima kwa plasta, kesho yake akakirudisha. Tangu hapo kitabu nikawa mimi. Akanieleza kwamba wenye Kilatini chao kichwa walikiita kaput, na neno hilo limezaa ukoo mzima: baisepsi ina vichwa viwili, traisepsi vitatu, kwadrisepsi vinne. Nikajikagua karatasi moja moja, mkono huu na huu, paja hili na hili. Kumi na nane. Ukijumlisha na hiki cha kuvalia kofia, kumi na tisa. Mke wangu alisikia akiwa jikoni, akasema, "Kumi na tisa, na hakuna hata kimoja kinachokumbuka kufunga mlango."

2. Hesabu hiyo imeniaibisha mbele za watu. Kwenye mkutano wa mtaa nilinyoosha mkono kupiga kura, nikaomba zihesabiwe zote kumi na tisa. Mwenyekiti akaniambia nikae. Nikamuuliza tukae wangapi. Afadhali ule ugonjwa wa choa mnaouita tinia kapitis. Nao ni wa ukoo huohuo wa kaput, lakini una adabu zake: unakaa kwenye kichwa kinachoonekana.

3. Mtahini wenu alimwonyesha mtoto nyuma ya mkono, akajibu kwadrisepsi. Akamwonyesha paja, akajibu traisepsi. Akala sifuri mbili, na sasa tunaambiwa usipomruhusu wewe kurudia, Ijumaa arudishe koti jeupe aende zake. Mheshimiwa, tusemezane ukweli. Mkono huu umevuta uzi wa viatu miaka arobaini. Paja lilikuwa limekaa tu kwenye kigoda. Ni haki gani hiyo, mvutaji apewe vichwa vitatu na mkaaji apewe vinne? Mtoto kajibu kwa haki. Kitabu ndicho chenye upendeleo.

4. Wala msisingizie karatasi. Nimebandika vikaratasi kwenye viatu vya wateja maisha yangu yote, na hakuna aliyeondoka na kiatu cha mwenzake, isipokuwa mwalimu mmoja wa kwaya, na yeye alizoea.

Kwa hiyo naomba mtoto apewe alama zake na kitabu kirekebishwe. Kama kitabu hakirekebishiki, basi misuli na ihamishwe. Tangu matokeo yatoke hanibandiki chochote. Koti amelikunja akaliweka chini ya godoro, na chakula anakidonoadonoa tu. Nyumba imepoa kiasi kwamba hata nikiacha mlango wazi hakuna wa kunisema.

Nisalimie walimu wote, mpishi, mlinzi wa getini, na ile mifupa mnayoining'iniza darasani. Iambieni na mimi niko njiani.

Wako mtiifu kwa vichwa vyote,
Babu wa Mwenye Mwanya

Nimeshatia sahihi, lakini kuna jambo: barua hii usimwonyeshe mtoto. Jumatano ile nilioga. Karatasi zikabanduka zote, nami nikazirudisha kimyakimya kabla hajatoka chuoni. Nyingine nilizikumbuka. Zile za mkono na paja sikuzikumbuka, nikazigawa kwa kuangalia nani kafanya kazi zaidi. Jioni tatu akanisoma hivyo hivyo, kwa imani yote, maana babu yake hajawahi kumdanganya. Aliyeanguka mtihani ni mimi. Mpe yeye mtihani mwingine, na umwazime kitabu siku mbili. Akihitaji mwili nitakuja mwenyewe, na hadi siku hiyo nimeapa sigusi maji. Mke wangu anakuomba iwe kesho.