Miche Arobaini na Viriba Vyake

Jumatatu, 11 Januari 1993
Korongo la Malangali limefika hatua nne kutoka jikoni kwetu. Redempta, mke wangu, kazipima mwenyewe. Anasema jiko likiondoka, naye anarudi kwao. Leo bahati! Bwana Beda wa misitu kagawa miche arobaini ya mikaratusi kila nyumba, tupande ukingoni. Bure! Atakagua Ijumaa.

Jumanne, 12 Januari
Nimepanda yote. Viriba sijavitoa, miche imo ardhini na vifuko vyake vya nailoni. Akili hiyo! Bwana Beda akishaona, Jumamosi naing'oa bila kuumiza mzizi, namuuzia Shigela wa Mtowisa anayetaka kivuli zizini. Zama hizi ni za biashara.

Jumatano, 13 Januari
Jirani yangu, Bibi Coleta, anapiga ntumba juu ya korongo. Vile vichuguu vyetu vya Kifipa, nyasi zimefukiwa ndani, tena upande wangu wa mpaka! Kati yake anachomeka mikuyu. Nikampa shikamoo, nikamwambia amevuka. Akajibu marahaba, akaendelea na jembe. Nimemshtaki kwa balozi wa nyumba kumi, kwa barua.

Alhamisi, 14 Januari
Mvua ya mawe! Miche yangu ilichomoka mmoja mmoja na viriba vyake, ikashuka korongoni kwa mstari kama watoto wa shule. Imetangulia Mtowisa bila mimi. Redempta kafunga mzigo. Maji yakaja moja kwa moja kuelekea jikoni, yakakuta ntumba za Bibi Coleta, yakapoa, yakanywewa na udongo. Hatua bado nne. Redempta kafungua mzigo. Nimelia, na sioni haya kuandika.

Ijumaa, 15 Januari
Nilikimbia kuifuata barua. Nimechelewa! Balozi keshamsomea Bibi Coleta. Bibi alicheka hadi akakaa chini. Kisha akanipa miche ishirini ya mkuyu, nayo kwenye viriba, akaniita mwanangu. Mimi! Bwana Beda akauliza mikaratusi iko wapi. Nikasema imesafiri.

Jumamosi, 16 Januari
Redempta kanipikia kande, jikoni kwetu, jiko lile lile. Ahsante Mungu. Ahsante Bibi Coleta, uishi miaka mia. Nimepanda mikuyu yote ishirini leo, kwa moyo uliojaa shukrani.
Viriba sijavitoa. Shigela bado anataka kivuli.