Picha Niliyompa Bi. Mejumaa

Jumatatu, 16 Juni
Kiti cha mkuu wa idara ya Kiswahili ki wazi. Miaka yote hii nafundisha hapa Bondeni, leo nishindanishwe na Nekesa, aliyekuja juzi tu! Bi. Mejumaa, mwalimu mkuu, amesema Ijumaa wazazi watakuja. Darasa langu na la Nekesa yataonyeshwa picha moja, yaandike insha ya maelezo papo hapo. Darasa likishinda, mwalimu wake ndiye mkuu. Kilichobaki ni kutafuta picha. Nikajitolea, kwa unyenyekevu. Akanishukuru! Maskini.

Jumanne, 17 Juni
Nimetuma ujumbe kwamba tumbo limenichafuka, nikaenda Biashara Street kupiga picha duka la kanga. Pazuri mno: kanga hadi darini, bibi mmoja anavutana bei na mwenye duka. Jioni nikaitunga insha mwenyewe. Inaanza hivi: jua linachomoza kwa madaha, ndege wanatumbuiza. Machozi yalinilengalenga. Nimesahihisha insha za watoto wa watu maisha yangu yote, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama mimi naandika.

Jumatano, 18 Juni
Bi. Mejumaa ameipokea picha, akanipa pole ya tumbo. Wanafunzi wangu wanakariri insha. Picha hawajaiona, wala hawana haja nayo. Nekesa aliwatoa wake nje, waeleze mlango wa jirani, kitasa kwa kitasa. Akanishauri nami nijaribu. Nikamwambia ahsante. Simpendi.

Ijumaa, 20 Juni
Aibu! Picha ilichapishwa kubwa kama shuka, ikatundikwa ukumbini. Wangu walitangulia kusoma. Wa kwanza, jua likachomoza kwa madaha. Makofi. Wa pili, likachomoza tena. Kufikia wa nne, mzazi mmoja akauliza jua lenyewe liko wapi, maana yeye anaona duka na taa. Kicheko ukumbi mzima.

Kisha akasimama Kadzo, msichana wa darasa la Nekesa. Alieleza kanga, bibi, hata jasho la mwenye duka. Halafu akaeleza kioo kirefu kilicho nyuma ya kanga, na ndani yake mwanamume mwenye kitambi na tai ya kijani, ameinua simu, ulimi umemtoka pembeni kama anayetunga uzi kwenye sindano. Saa ya ukutani, akasema, ni saa nne asubuhi, wakati wenzake wako darasani. Wote wakageuka kuniangalia. Tai ile nilikuwa nimeivaa.

Bi. Mejumaa akaniuliza, kwa upole kabisa, tumbo la Mwalimu Joab linaendeleaje.

Jumatatu, 23 Juni
Nekesa ndiye mkuu. Mimi nimeonywa: kosa jingine, kazi sina. Nekesa hakunicheka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Anataka kila mwalimu alete picha ya mtaani. Nimefikiri sana. Kilichoniponza ni kioo. Biashara Street sirudi! Kesho asubuhi nakwenda stendi ya mabasi ya Mwembe Tayari, nikalipige picha basi la bara, lile jipya, lililosuguliwa likang'aa ubavu mzima. Insha tayari nimeitunga. Shuleni nitasema ni jino.