Waraka wa Kutua kwa Vyeo

Kamati ya Itifaki ya Anga ilitangaza, kwa furaha kubwa, kwamba kuanzia Tamasha la Kahawa ndege zote zinazowasili Mbinga zitatua kwa kufuata cheo cha abiria. Kupishana kwa dakika tatu kati ya ndege na ndege, waraka ulifafanua, "ni mazoea ya kizamani yasiyotambua uongozi."

Walburga, mwongoza ndege wa uwanja ule mdogo, aliusoma mara mbili, akaubandika ukutani kama alivyoagizwa.

Siku ya tamasha mawingu yalishuka milimani, na ndege tano ndogo zikafika kwa mpigo. Ya mbele ilirushwa na Dastan, aliyembeba mama mjamzito kutoka Chiwanda. Ya mwisho ilimbeba Mheshimiwa Sebastian, mwenyekiti wa Kamati.

"Dada Walburga, huyu mama anavuja damu," Dastan aliita redioni. "Hana muda."

"Ana cheo gani?" Mheshimiwa akadakia. Alikuwa amemnyang'anya rubani wake kipaza sauti.

"Analima mihogo, mheshimiwa."

"Basi azunguke kwanza. Rubani, shuka!"

Dirishani Walburga akaona ndege ya Mheshimiwa ikitoboa wingu, ikimshukia Dastan mgongoni. Akavuta kipaza sauti.

"Ndege ya Mheshimiwa, panda juu, kata kushoto, sasa hivi! Dastan, tua. Wengine, dakika tatu tatu."

Rubani wa Mheshimiwa, ambaye naye ana watoto, akapanda.

Mama alifikishwa hospitali, akajifungua salama mtoto wa kike. Mheshimiwa alitua wa mwisho, wapiga ngoma waliokuja kumpokea wakiwa wameshakwenda kula.

Kesho yake Walburga alipokea barua: aeleze kwa maandishi kwa nini ndege zote zilitua salama. Akaeleza. Kamati ikakaa siku nne. Katibu, Bi Hilda, akasikiliza mazungumzo ya redioni yaliyorekodiwa, akaandika ripoti: abiria aliyemwamuru rubani kuvunja utaratibu asipande ndege mwaka mzima. Mwenyekiti, aliyekuwa na haraka ya kuwahi safari ya Dar es Salaam, akaisaini bila kuifungua.

Uwanjani alimkuta Walburga mlangoni.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Ndege yangu ipo?"

"Ipo." Akampa nakala ya ripoti.

Mheshimiwa akaisoma yote, akiwa amesimama juani, begi mkononi.

"Nani kasaini upuuzi huu?"

Walburga akamwonyesha kwa kidole, kwa adabu, sahihi yake mwenyewe.

"Basi la Songea linaondoka saa sita," akasema. "Ukikaza mwendo, siti za nyuma bado zipo."