Nyama Tupu Mpaka Bango Lipande

Jumatatu, 3 Machi

Leo maisha yangu yamegeuka.

Asubuhi meneja alituita sote mbele ya sofa mpya ya kona, ile ya ngozi ya kahawia. Akasema kampuni inataka kuweka bango kubwa barabarani, na atakayekaa kwenye sofa hiyo atakuwa mmoja wetu, muuzaji halisi, si mtu wa kukodi. Mpiga picha anakuja mwisho wa mwezi. Miaka yote hii nauza vitanda na makabati kwa watu wasiokumbuka hata sura yangu. Sasa sura yenyewe ipande barabarani, kubwa kuliko nyumba ninayolala!

Kisha meneja akanitazama tumboni. Alitazama tu, kama fundi anayekadiria iwapo kabati litapita mlangoni.

Nyuma yangu mtu akakohoa. Ni mwenzangu wa kaunta. Dukani tunamwita Tai, kwa sababu hatoki kwake bila tai shingoni. Mimi namwita Tai kwa sababu ya yule ndege. Unahangaika na mteja nusu saa, yeye anaelea kwa mbali tu. Ukienda kunywa maji, ameshatua. Na ni mwembamba kama ufito. Kwenye picha atapendeza, Mungu anisamehe kwa kukiri.

Mchana nikaona video kwenye simu. Bwana mmoja mwenye kifua kama lango la ghala. Anasema ameacha kila kitu isipokuwa nyama. Mkate, wali, maharage, mboga, matunda, vyote ni maadui. Kitambi kimeyeyuka, akili imekuwa wembe. Nikamaliza mkate wangu taratibu, kama mtu anayeaga ndugu kituoni.

Kesho naanza. Nyama tupu mpaka bango lipande.

Nilipomweleza mke wangu, akauliza kama huyo bwana wa kwenye simu ana mke, na sufuria zake zenye mafuta anaosha nani. Watu wa karibu ndio wa kwanza kukuvunja moyo.

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi: maini. Mchana: nyama. Jioni: nyama. Sijawahi kujisikia hivi. Nilipanda ngazi za ghalani nikiimba.

Mwenye bucha wa mtaani kwetu amenipokea kama mkwe aliyeleta mahari yote. Nilimweleza mpango wangu. Akaacha kisu, akanishika mkono, akasema amekuwa akisubiri mtu mwenye akili kama yangu tangu afungue bucha. Ameniahidi mbavu bora kila siku. Nimepata mshauri.

Nimeuza kitanda kabla ya chai. Chai yenyewe sikunywa. Nilikunywa supu ya mifupa kwenye kikombe cha chai. Mhasibu akaniuliza mbona chai yangu ina jicho la mafuta. Nikamwambia hayo ni maarifa.

Wazo zuri limenijia. Kujipunguza mimi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumnenepesha Tai. Kuanzia kesho namletea biskuti na soda kila siku, kwa moyo mweupe kabisa.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya kidogo. Kichwa kinagonga tangu jana. Yule bwana wa video anasema ni sumu ya mkate inatoka. Nilikuwa na mkate mwingi kuliko nilivyodhani.

Tatizo la pili ni pumzi. Mteja mmoja, mama mwenye miwani, kila nilipofungua mdomo alirudi hatua moja nyuma. Nilimfuata nikimweleza sifa za meza, naye akarudi nyuma, mpaka tukatokea idara ya magodoro. Akamnunulia mwanawe godoro. Aliyemwandikia risiti ni Tai.

Baadaye Tai akaniletea pipi ya mnanaa. Pipi! Sukari tupu. Nikamwambia nimeshtukia njama yake. Akasema hana njama, ila kwa jinsi ninavyonuka, jina lake linanifaa mimi zaidi. Wafanyakazi wote wakacheka. Hata meneja aligeuka dirishani, mabega yakimtikisika.

Lakini kubwa zaidi ni hili. Nilikuwa nimekausha vipande vya nyama nyumbani, nikavificha dukani kwenye droo ya meza ya kujipambia, ili nitafune kidogo kidogo. Akaja dada mmoja na mchumba wake. Akavuta droo. Akatoa kipande kwa ncha za vidole, akauliza hiki ni nini.

Akili yangu sasa ni wembe. Nikamjibu papo hapo kuwa ni sampuli ya ngozi ya sofa.

Akainusa. Akauliza, kwa upole, kama sofa nzima inanuka hivyo.

Tai akaelea kutoka upande wa mapazia. "Sofa hainuki, dada yangu. Anayenuka ni huyu."

Wakanunua sofa kwake.

Biskuti zangu amezila zote, akashukuru.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe amekuja kutusalimia. Ameleta kikapu cha maboga na mboga za majani kutoka bustanini kwake, na sufuria ya maharage aliyoyapika mwenyewe. Harufu ya maharage yale ilinifuata chumbani. Nikafunga mlango. Ikapita chini.

Mezani nikakaa na sahani yangu ya mbavu. Mama mkwe akanitazama kwa huruma, akauliza mbele ya watu wote, "Na chooni unakwendaje, mwanangu?"

Nikasema mambo ni shwari, mama. Mambo si shwari. Mambo yamesimama tangu Jumatano.

Hapo ndipo binti yangu, ambaye yuko darasa la pili na anapenda kunisikiliza pale tu isipotakiwa, akasukuma mboga zake pembeni. Akatangaza kuwa yeye pia ni mla nyama tupu, kama baba. Anataka kuwa na akili wembe.

Mke wangu akaweka kijiko chini. "Baba watoto. Zungumza na mwanao."

Nikazungumza. Nilisema vizuri sana. Nilimwambia mboga ni nzuri, zinaleta damu, zinang'arisha macho, kila mtoto mwenye busara anazila.

Akauliza zinaanza kuwa mbaya mtu akifikisha miaka mingapi.

Mama mkwe alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. Mke wangu hakucheka. Amesema kuanzia leo, hadi mtoto arudie mboga zake, mpishi wa nyumba hii ni mimi. Nyama yangu, mboga za mtoto, sufuria zote na mafuta yake.

Nimeandika haya mikono ikinuka sabuni. Haidhuru. Mtu mkubwa hujaribiwa nyumbani kwanza.

Alhamisi, 13 Machi

Suruali inapwaya! Nimeingiza ngumi nzima kiunoni. Nilikwenda kumwonyesha mwenye bucha kabla ya kazi. Akaita wateja waje kuona. Bibi mmoja akaniombea.

Kichwa kimetulia. Usingizi mtamu. Naamka kabla ya jogoo wa jirani, nakaanga maini, najipiga kifua mbele ya kioo. Naona mfupa mpya shavuni ambao sikujua ninao. Nimefanya mazoezi ya kukaa kwenye sofa: mguu juu ya mguu, mkono mmoja mgongoni mwa kiti, tabasamu la mtu asiye na shida. Mke wangu alipita akaniuliza kama nina maumivu mahali.

Binti bado anagoma. Tumefikia mapatano: kijiko kimoja cha mboga, kipande kimoja cha nyama. Alikubali haraka mno. Leo nimeziona mboga zote nyuma ya pazia. Kusema kweli nilijivunia kidogo. Amenirithi. Kisha nikamwona mama yake anazifagia kimya kimya, na fahari ikapungua.

Tai anaendelea kula. Siku hizi hata hasubiri nimkaribishe. Ananyoosha mkono tu. Watu wengine matumbo yao ni mfuko uliotoboka. Nimeongeza keki.

Jumatano, 19 Machi

Naandika haya kwa uchungu, ila niandike.

Usiku nimeota mkate. Haukufanya kitu, ulikuwa umelala tu mezani, wa moto, unanitazama.

Leo mhasibu kaleta keki ya kuzaliwa kwake. Nikakataa kwa sauti, wote wasikie. Kisha nikachukua kipande kikubwa ili nikakitupe kwenye pipa. Pipa liko mbali. Njiani kuna kabati kubwa la nguo, la milango mitatu. Nikaingia.

Ndani kuna giza zuri. Nilitafuna nimefumba macho. Sikumbuki mara ya mwisho kufurahi namna ile. Labda siku ya harusi yangu, na hata siku ile viatu vilinibana.

Nikasikia sauti. Mzee na mkewe wanataka kabati, wako na meneja, na aliyekuwa akisifu ni Tai.

"Mzee wangu, hili lina nafasi. Mtu mzima anasimama ndani bila shida."

Akafungua.

Tulitazamana wote. Nilikuwa na siagi ya keki puani.

Nikasema, "Kama mnavyoona."

Yule mama akaniuliza kama hewa inapatikana humo. Nikamwambia ipo ya kutosha, mama, na rafu hazitikisiki. Nikagonga moja aone. Wakalinunua hapo hapo. Mauzo kaandikiwa Tai.

Nilidhani meneja angenifokea. Alinitazama tu, uso umejaa wasiwasi, akauliza kama nyumbani kuna amani. Nikasema ipo.

Nimefikiri sana jioni. Keki ina maziwa na mayai. Maziwa hutoka kwa ng'ombe, mayai kwa kuku. Ukitazama kwa undani, sikuivunja ahadi.

Ijumaa, 28 Machi

Siku ya picha.

Nilivaa koti la bluu. Zamani vifungo vyake havikufungika. Leo lilinizunguka kama shuka. Nilifika wa kwanza, nikajipangusa, nikakaa kwenye sofa. Mpiga picha akaniangalia kwenye kamera yake, akainua kichwa, akaniangalia kwa macho matupu.

"Kaka, unaumwa?"

Nikamwambia sijawahi kuwa mzima hivi. Akahamisha taa. Akaongeza mto. Mwishowe akaenda kumnong'oneza meneja, na meneja akaja kukaa karibu yangu, kwa upole ambao haukuwahi kuonekana dukani.

Aliniambia hivi. Sofa huuzwa na mtu aliyeshiba. Mtu ambaye ukimwona ameketi, nawe unatamani kuketi. Siku ile ya kwanza alipolitazama tumbo langu, alikuwa ameshaamua ni mimi. Alisubiri tu mpiga picha aje athibitishe. Kisha akaona nakauka kila siku, akadhani nina matatizo ya nyumbani, akaona aibu kuuliza.

Nikainuka sofani, koti likining'inia. Ningemwambia nini?

Akaitwa Tai. Akaja amefungua kifungo cha koti, kwa sababu hakifungiki tena. Mashavu yamejaa, yanang'aa. Na chini ya ile tai, kitambi kidogo, kizuri, cha mviringo. Akajitupa sofani kama mtu aliyefika kwake. Mpiga picha akasema, "Hapo hapo, usiondoke."

Biskuti zangu. Keki zangu. Soda zangu. Nimemjenga kwa mikono yangu mwenyewe.

Kabla ya kuondoka akaja kunishika bega. Akasema hajui angefanyaje bila mimi, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kumjali hivyo tangu mama yake afariki. Macho yake yalikuwa na machozi. Ya kweli. Hilo ndilo limeniuma kuliko yote, maana sikuweza hata kumchukia vizuri.

Jumapili, 30 Machi

Mama mkwe amekuja tena na maharage. Nimekula sahani mbili, na boga, na mboga za majani. Binti alinitazama nikitafuna, akavuta sahani yake bila kuambiwa, akala mpaka chini. Mke wangu akaniachia huru kutoka jikoni. Akaosha sufuria mwenyewe huku akiimba. Kuhusu yale mambo yaliyosimama, niseme tu kwamba mama mkwe anajua dawa ya boga, na Mungu ambariki.

Lakini habari ya leo ni nyingine.

Jana jioni mhasibu alinidokeza kuwa kampuni imefurahia sana picha. Wanataka bango la pili. La magodoro! Na Tai hataruhusiwa mara mbili mfululizo bila sababu nzito.

Sasa nimeelewa mchezo. Kumbe mwenye shibe ndiye anayetakiwa. Basi mimi nitashiba mpaka wanione kutoka mtaa wa pili. Mkate tupu. Asubuhi mkate, mchana mkate, jioni mkate na siagi. Nimeona video ya mama mmoja anayeishi kwa mkate peke yake. Uso wake kama mwezi kamili.

Mke wangu akaniuliza kama nimemuuliza meneja safari hii anataka mtu wa namna gani. Nikacheka. Mtu mwenye akili haulizi, anasoma alama.

Akauliza, "Na kama kwa godoro anataka mwembamba?"

Wanawake wana maswali.

Nimeshamaliza mkate wa nyumba nzima. Na kesho nampelekea Tai zawadi, kwa moyo mweupe kabisa: raba za kukimbilia, na kamba ya kuruka.